Lombroso: daktari aliyetaka kumjua mwizi kwa kumtazama usoni

Leo nawaletea maisha ya mzee mmoja wa Italia ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia, ila mawazo yake tunatembea nayo kichwani kila siku. Jina lake Cesare Lombroso. Alikufa mwaka 1909, lakini kila mtu anapotamka kwamba fulani ana sura ya kibaka, ujue yule mzee bado anaongea.

Kabla sijaanza naomba nikiri kitu. Nikiwa likizo kidato cha tatu nilipanda daladala nikiamini nina simu ya dada yangu mfukoni. Nashuka kituoni, napapasa mfuko, hamna kitu. Nageuka, nyuma yangu kuna kijana ana kovu shavuni, macho mekundu, fulana imechanika. Sikumwona akiiba. Niliona sura tu, basi. Nikapiga kelele za mwizi.

Kinachofuata hapo mnakijua wenyewe. Alipigwa mpaka akashindwa kusimama, na kama siyo mama mmoja muuza ndizi aliyejitupa juu yake kuwazuia watu, nadhani wangemmaliza. Jioni nafika nyumbani, simu iko chini ya mto. Sikutoka nayo kabisa siku ile. Yule kijana sijawahi kumwona tena.

Kwa hiyo nilipokutana na habari za Lombroso sikuzisoma kama stori ya Mzungu wa zamani. Nilizisoma kama mtu anayesoma kesi yake mwenyewe. Haya, twende.

MTOTO WA VERONA

Lombroso alizaliwa tarehe 6 Novemba 1835 katika mji wa Verona, kaskazini mwa Italia. Wakati huo Italia kama nchi moja haikuwepo, na Verona ilikuwa chini ya dola la Austria. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Majina aliyopewa ni Ezechia Marco, ila dunia ikamjua kwa jina la Cesare.

Alisomea udaktari, zaidi katika Chuo Kikuu cha Pavia, na akapitia pia Padua na Vienna. Alihitimu mwaka 1858. Utafiti wake wa kumalizia chuo ulihusu watu wa Lombardia waliozaliwa na mwili na akili iliyodumaa. Leo tunajua tatizo lile lilitokana hasa na ukosefu wa madini joto, yale yanayowekwa kwenye chumvi. Kumbukeni jambo hilo, maana linajirudia katika maisha yake yote: anaona mwili wa mtu maskini, anaupima vizuri sana, halafu anahangaika kujua kilichouharibu.

Mwaka 1859 vita vya kuiunganisha Italia vikapamba moto, naye akaingia jeshini kama daktari. Mwaka 1862 alikuwa Calabria, kusini kabisa, ambako jeshi la serikali mpya lilikuwa linapambana na magenge ya msituni. Wakulima wa kule walikuwa na njaa, ardhi hawana, kodi zimepanda na vijana wao wanachukuliwa jeshini kwa lazima. Huko jeshini Lombroso alianza mchezo wake wa kupima watu. Alipima askari urefu, vichwa, vifua. Akaangalia pia michoro waliyochorwa mwilini, akaanza kuamini kwamba askari wakorofi wana michoro ya matusi kuliko wale wapole.

FUVU LILILOBADILI MAISHA YAKE

Baada ya jeshi alirudi Pavia kufundisha na kutibu wagonjwa wa akili. Hapo ndo linaingia jina la Giuseppe Villella, mtu wa kijiji cha Motta Santa Lucia kule Calabria, aliyefia Pavia baada ya kufungwa kwa wizi. Lombroso alilifungua fuvu lake. Kwa ndani, upande wa kisogoni, akakuta kishimo kidogo mahali ambapo kwa watu wengi kuna kigongo cha mfupa. Yeye alijua kishimo cha namna hiyo kutoka kwa wanyama.

Habari hiyo aliichapisha mwaka 1871, na uzeeni aliisimulia kama vile mbingu zilimfungukia. Kwake lile fuvu lilikuwa jibu. Mhalifu, alifikiri, ni mtu aliyezaliwa amechelewa. Wenzake wamekuwa watu wa sasa, yeye damu yake imerudi nyuma kwa mababu wa kale sana, karibu na nyani. Anaua na kuiba kwa sababu ndivyo alivyoumbwa.

Wakati wenyewe ulikuwa unamsaidia. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya viumbe kilitoka mwaka 1859, na kile cha asili ya binadamu kikatoka 1871, mwaka ule ule. Kila msomi Ulaya alikuwa anazungumzia mageuzi. Lombroso akachukua wazo hilo akaliingiza gerezani.

Kuhusu Villella mwenyewe, Lombroso alimweleza kama jambazi wa kutisha. Wasomi waliopekua nyaraka baadaye wamekuta maelezo yake hayalingani. Yaani elimu nzima ilijengwa juu ya kichwa cha mtu mmoja maskini, na hata huyo mmoja hakuelezwa sawasawa.

KITABU CHA 1876

Mwaka 1876 Lombroso alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu mtu mhalifu, na mwaka huo huo akapata nafasi Chuo Kikuu cha Torino kufundisha udaktari wa mahakamani. Kitabu kilichapishwa mara tano, kila mara kinanenepa, mpaka toleo la mwisho la 1896 na 1897 likawa juzuu kadhaa.

Ndani yake kuna orodha ya dalili. Taya kubwa. Mfupa wa juu ya macho umejitokeza. Paji la uso limelala nyuma. Masikio yamechomoza kama mikono ya sufuria. Mikono mirefu. Kutumia mkono wa kushoto. Kutosikia maumivu haraka. Kupenda michoro mwilini na kuongea lugha ya mitaani isiyoeleweka na wengine. Ukikutwa na dalili kadhaa kwa pamoja, basi wewe ni mhalifu wa kuzaliwa.

Msamiati huo wa mhalifu wa kuzaliwa ulitoka kwa mwanafunzi wake, Enrico Ferri. Yeye, Lombroso na mwanasheria Raffaele Garofalo ndo walioongoza kundi lililoitwa shule ya Italia.

Hebu jaribu kujipima na orodha hiyo. Mimi natumia mkono wa kushoto, masikio yangu shuleni yalinipatia jina la utani, na lugha ya mitaani ninaijua. Nimeshafungwa tayari wadau.

Tatizo kubwa la kazi yake ni hili. Aliwapima wafungwa wengi mno, lakini watu wa kawaida wa kuwalinganisha nao hakuwachagua kwa uangalifu. Wafungwa wengi walitoka kwenye umaskini, tena wengi kusini. Mtu aliyekula vibaya tangu utotoni na kuugua bila tiba mwili wake utaonyesha. Lombroso aliiona alama ya njaa akaiita alama ya uhalifu.

Na pale vipimo vilipomkatalia, alipindisha maelezo. Mwaka 1893 alitoa kitabu kuhusu wanawake wahalifu pamoja na kijana Guglielmo Ferrero, ambaye baadaye alimwoa binti yake Gina. Walikuta wanawake wafungwa wana dalili chache kuliko wanaume. Mtu mwingine angesema labda nadharia ina kasoro. Wao wakaeleza kwamba mwanamke kwa ujumla yuko nyuma kimaumbile kuliko mwanaume, ndiyo maana tofauti hazionekani sana, na kwamba ukahaba ndo uhalifu wake wa asili. Ukibishana na mtu wa namna hiyo huwezi kushinda, kila jibu lako linakuwa ushahidi wake.

SISI TULIKUWA WAPI KWENYE KITABU CHAKE

Hapa naomba vijana wenzangu tusome taratibu. Mwaka 1871 huo huo Lombroso alichapisha kitabu cha kulinganisha Mzungu na watu wa rangi nyingine. Aliwaweka Wazungu juu na watu weusi chini kwenye ngazi ya mageuzi. Sasa unganisha na ile hoja ya mhalifu kurudi nyuma. Kama mhalifu wa Ulaya ni mtu aliyerudi hali ya watu wa chini, na watu wa chini kwa maoni yake ni sisi, basi dalili za uhalifu zilikuwa ni sura za babu zetu. Pua, taya, nywele, rangi. Mwafrika hakuhitaji kuiba ili afanane na mwizi, alizaliwa tu.

Na mtu aliyeandika hayo alikuwa Myahudi, mtu wa jamii iliyosingiziwa kila ubaya kwa sababu ya damu yake. Mwaka 1894 aliandika kitabu kizima kupinga chuki dhidi ya Wayahudi. Uonevu uliomgusa yeye aliuona vizuri, ule alioufanya yeye kwa wengine hakuuona. Nikisoma hapo nakumbuka kwamba mimi nilimhukumu yule kijana wa kituoni huku mwenyewe nimeshasimamishwa mara kadhaa usiku kwa kuonekana muhuni.

LAKINI HAKUWA SHETANI

Najua wengine mshamchukia. Subirini kidogo.

Lombroso alitumia miaka mingi kupambana na pelagra, ugonjwa uliokuwa unawaua wakulima wa kaskazini mwa Italia waliokula ugali wa mahindi karibu kila siku. Ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa. Yeye alisema chanzo ni sumu ya mahindi yaliyovunda, ambayo wenye mashamba waliwaachia wakulima. Matajiri hawakupenda. Chanzo chenyewe hakukipata, maana miaka ya 1930 ilikuja kuthibitika kwamba ni upungufu wa niasini, aina ya vitamini B. Hata hivyo alikuwa sahihi kwamba ugonjwa unatoka kwenye sahani ya maskini. Alijiunga pia na Chama cha Kisoshalisti.

Kwenye sheria nako aliacha kitu. Kabla yake, wanasheria waliomfuata Cesare Beccaria, aliyeandika mwaka 1764, walitazama kosa: kosa fulani, adhabu fulani. Lombroso alisema mtazameni na mtu mwenyewe. Mgonjwa wa akili apelekwe hospitali. Mtu aliyeteleza mara moja asichanganywe na mzoefu. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupima mapigo ya damu ya mtuhumiwa anapohojiwa, jambo lililotangulia mashine za kupima uongo.

Ila upande wa pili wa hoja hiyo ni mchungu. Kama mtu amezaliwa mhalifu, kumfundisha ni kupoteza muda. Atengwe maisha, au auawe. Lombroso alifika huko, akaunga mkono adhabu ya kifo kwa wale aliowaona hawarekebishiki.

WALIOMPINGA

Kelele zilianzia Ufaransa. Kwenye mkutano wa kimataifa wa Paris mwaka 1889 wasomi walimshukia. Alexandre Lacassagne, daktari wa Lyon, alifananisha mhalifu na kijidudu cha ugonjwa: peke yake hana madhara mpaka apate mchuzi wa kukulia, na huo mchuzi ni jamii yenyewe. Wakakubaliana iundwe kamati ya kulinganisha wahalifu na watu waadilifu. Kazi hiyo haikufanyika, na mwaka 1892 Lombroso na wenzake wakaususia mkutano wa Brussels.

Mwaka 1895 Émile Durkheim, mmoja wa waanzilishi wa sosholojia, akaleta wazo lililowashtua watu. Alisema hakuna jamii isiyo na uhalifu, kwa sababu kila jamii inajiwekea mipaka na lazima atokee wa kuivuka. Kwa hiyo usiulize tu mhalifu ana kichwa cha namna gani, uliza pia nani aliamua kwamba jambo hili ni kosa.

Lombroso mwenyewe alilegea kidogo kidogo. Mwanzoni alikuwa kama anasema karibu wahalifu wote ni wa kuzaliwa. Mpaka mwishoni akawa amewashusha hadi karibu theluthi moja, akaongeza umaskini, pombe, hali ya hewa na malezi. Lakini ile theluthi hakuiachia.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Mwaka 1897 alikwenda Urusi kwenye mkutano wa madaktari, akaenda kumtembelea mwandishi Leo Tolstoy nyumbani kwake. Lombroso aliamini watu wenye vipaji vikubwa nao wana kasoro kama wendawazimu, kwa hiyo alitarajia kumkuta mzee wa ajabu. Akamkuta mzee wa karibu miaka 69 mwenye nguvu kama askari. Wakaenda kuogelea, Lombroso akashindwa kumfuata na nusura azame. Walipozungumzia mhalifu wa kuzaliwa, Tolstoy hakukubali hata kidogo, na hakuficha.

MWISHO WAKE

Miaka ya mwisho aliingia kwenye mambo ya mizimu. Mwaka 1891 alihudhuria vikao vya Eusapia Palladino, mwanamke wa Napoli aliyedai kuita roho na kusogeza meza bila kuigusa. Mzee wa vipimo akaamini. Kitabu chake kuhusu mambo hayo kilitoka 1909, mwaka aliofariki. Aliaga dunia Torino tarehe 19 Oktoba 1909.

Kabla ya kufa aliagiza mwili wake ukapimwe kama alivyowapima wengine. Mifupa yake imesimamishwa ndani ya makumbusho yenye jina lake Torino, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009. Fuvu la Villella nalo liko humo. Watu wa Motta Santa Lucia walikwenda mahakamani wakitaka mwenzao arudishwe azikwe. Mwaka 2012 walishinda, rufaa ya 2017 ikawageuzia, na mwaka 2019 mahakama ya juu ikaamua fuvu libaki makumbusho. Mmoja alijitolea mwenyewe kusimamishwa pale, mwingine hakuulizwa.

JE, ALIKUFA KWELI?

Mwaka 1913 daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, alitoa matokeo ya kuwapima wafungwa zaidi ya 3,000 na kuwalinganisha na wanajeshi na wanafunzi wa vyuo vikuu. Ile sura ya mhalifu haikuonekana. Mwaka 1942 Clifford Shaw na Henry McKay walionyesha jambo kutoka Chicago: mitaa ya karibu na katikati ya mji, yenye viwanda na nyumba mbovu, iliendelea kuwa na vijana wengi wenye kesi hata wakazi walipobadilika. Walihama wa taifa hili wakaja wa taifa lile, kesi zikabaki mtaa ule ule. Kama ingekuwa damu, zingehama nayo.

Lakini wazo hafi mtu mmoja likazikwa naye. Mwaka 1907 jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwahasi kwa lazima watu fulani, wakiwemo wahalifu sugu, ili wasizae. Miaka ya 1960 ikavuma kwamba wanaume wenye kromosomu Y ya ziada ni wauaji wa asili. Utafiti wa Denmark wa mwaka 1976 haukukuta kwamba wana ukatili zaidi. Mwaka 2002 utafiti wa New Zealand ulionyesha jeni moja inayohusishwa na hasira ilikuwa na uzito hasa kwa watoto waliokuwa wameteswa utotoni. Maana yake mwili upo, siyo kwamba haupo, ila mwili unasikiliza maisha.

Na mwaka 2016 watafiti wawili wa chuo kimoja cha Shanghai wakatangaza programu ya kompyuta inayomtambua mhalifu kwa picha ya uso. Wakosoaji wakaonyesha kwamba picha za wahalifu na za raia wema zilitoka sehemu tofauti, na nyingi za raia wema zilikuwa na dalili ya tabasamu. Huenda kompyuta ilijifunza kutambua nani kanuna. Miaka 107 baada ya kifo chake, Lombroso karudi na kompyuta mkononi.

Wahenga wetu nao walikuwa na ugomvi huu huu. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, halafu wao wao wakasema samaki mkunje angali mbichi. Ya kwanza ingempendeza Lombroso. Ya pili ni ya Lacassagne na wale wa Chicago. Mimi nilikuwa nazitumia zote bila kufikiri, ya kwanza kwa watoto wa watu, ya pili kwa wadogo zangu.

Sisemi wezi hawapo. Wapo, wanatuumiza, na anayeiba ashikwe kwa alichofanya. Ninachosema ni kwamba kovu la yule kijana sikujua lilitokana na nini. Labda alianguka mtini. Labda alipigwa siku nyingine na mtu mwingine kama mimi, akaongezewa alama ya kumfanya apigwe tena. Sasa hivi, kama yuko hai, ana makovu zaidi, na kuna mtu mahali fulani anamwangalia usoni na kushika mfuko wake.

Nikipanda daladala siku hizi, kabla ya kupiga kelele, napapasa mifuko yote kwanza. Halafu najiuliza: nimeona mkono, au nimeona sura?

Karibuni kwa maoni, hata ya kunitukana kwa ile habari ya simu. Nastahili.